Kalani wa Namba Ndogo

Kalani alikuwa na sheria moja iliyopita zote: namba mbili zikipishana, andika ile ndogo.

Tulihesabu wawili wawili, kila mumoja juu ya kichuguu chake, hatua kama mia kati yetu, na kuongea kulikatazwa mpaka jua literemke. Jioni tulikutana chini na kila mutu akamwaga mawe ya mufukoni. Jiwe moja ni tai kumi, na waliobaki unawataja kwa mudomo. Mwape akisema mia mbili na kumi na nne, na mimi nikisema mia mbili na tisa, Kalani hakuuliza nani alisinzia. Aliandika mia mbili na tisa. Mwape, mutoto wa baba mudogo, alinuna kila jioni, maana namba yake ilikuwa kubwa kila jioni.

"Ba Kalani, macho yangu iko mazuri kupita ya huyu dada! Juu ya nini munatupa tai zangu tano?"

"Sikuzitupa. Kama ziko, ziko. Hazitakufa juu sikuziandika."

"Lakini niliziona!"

"Redio," akasema Kalani, kwa kuwa ndivyo alivyomwita Mwape, "namba kubwa inazimisha moto." Akafunga kaye, daftari lake la hesabu.

Maneno hayo aliyasema mara nyingi na hakuna aliyeyaelewa. Mwape alifikiri ni methali ya ukoo wao. Mimi sikufikiri kitu, niliyaandika tu humu ndani ya kaye yangu. Ninaandika kwa Kiswahili cha Mama, cha ng'ambo ya ziwa, kwa sababu shuleni hakuna anayekisoma. Kingereza ni cha walimu na Kibemba ni cha kila mutu. Hiki ni cha sokoni, na cha kaye hii.

Sasa ninaandika habari za Kalani zote pamoja, kwa sababu kuna tai mumoja niliyemuona mara mbili kwa siku moja, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukaingia katika kaye yake kama namba. Aliogopa namba kubwa kuliko mamba. Mimi nikamupa namba kubwa.

Jina lake la ubatizo ninalijua na ninaliacha. Hata pasta alimwita ba Kalani. Zamani alikuwa kalani wa serikali hapa ukingoni mwa ziwa, kazi aliyoiacha mwenyewe kabla hajazeeka, na hakuna aliyenieleza kwa nini, mpaka Mama. Kilichobaki cha kazi ile kilikuwa kaptura mbili za kaki, zimepigwa pasi ya makaa mpaka zinasimama zenyewe, na penseli iliyofungwa kwa kamba kwenye kifungo cha shati, kama mbuzi kwenye kigingi. Alikuwa mutu murefu, mwembamba, anayenuka sabuni na moshi. Alikuwa na saa mukononi iliyokufa siku nyingi. Ukimuuliza saa ngapi, aliitazama kwanza, kwa heshima, kisha akatazama jua, kisha akakujibu.

Kuhesabu kulianza na muzungu, mwalimu wetu wa bayolojia. Ndiye aliyetuambia kwamba tai hawa si wetu. Wanazaliwa kwenye nchi za baridi, wanashuka kwetu mvua zinapoanza, na mvua zinapokaribia kuisha wanarudi, kwa kuwa kule barafu inayeyuka na majani yanachipua. Hawapendi kuvuka maji makubwa. Tai mukubwa hapigi mabawa ovyo, anapanda juu ya hewa ya moto inayotoka aridhini, na juu ya ziwa hewa hiyo hakuna. Kwa hiyo wanafuata ukingo wa ziwa kwenda kaskazini, na ukikaa hapa kwetu Kabuta, kwenye vichuguu, wote wanapita juu ya kichwa chako: tai, shakivale, kozi wadogo kama mvua ya majani. Wako watu mbali sana waliotaka kujua ni wangapi. Fomu zilikuja kwa posta.

Mukataba wa muzungu ukaisha, akaenda. Tulifikiri na hesabu imeisha. Kalani, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda baiskeli ya muzungu na kumukopesha kigoda, akaja shuleni na darubini ya muzungu shingoni na fomu chini ya kwapa. Alisimama mulangoni mwa darasa, akauliza nani anajua kukaa. Hakusema kuhesabu. Alisema kukaa.

Mwape akainua mukono kwa sababu anainua kila mara. Mimi sikuinua. Kalani akanionyesha kwa penseli.

"Na weye wa kunyamaza. Ni mutoto wa nani?"

Nilitaja jina la Mama, kwa sauti iliyotoka nusu. Alinitazama mpaka watoto wa nyuma wakaanza kucheka, nikajua wananicheka mimi.

"Utakaa kichuguu cha kwanza," akasema. "Karibu na yangu."

Wavuvi walimucheka sana. Njia ya baiskeli ilipita kati ya vichuguu, wanaume wanasukuma makapo ya samaki kwenda bara, na hakuna aliyepita bila kumuchokoza.

"Ba Kalani! Leo mumekamata ngapi?"

"Hatukamate. Tunahesabu."

"Kiisha mutakula namba?"

"Namba haina miiba."

Na mwingine, siku nkwazi, tai mula samaki wa ziwa letu, alikaa juu ya muti akilia kwa kichwa kurudi nyuma: "Ule je, munamuacha? Munakosea hesabu!"

"Ule ni wa hapa. Iko na kitupa cha mwenyeji. Tunahesabu beko na safari."

Watu walicheka mpaka baiskeli zikayumba. Kalani mwenyewe hakucheka, lakini masikio yake yalisogea nyuma kidogo, na mimi nilijifunza kwamba hilo ndilo cheko lake.

Pasaka moja pasta alimuomba ahesabu waumini, kwa kuwa alitaka kuandika barua kwa wakubwa wa kanisa. Pasta alikuwa amekwisha kusema mia nne kwa kinywa chake. Kalani akasimama mbele ya madhabahu na penseli yake. "Mia tatu na kumi na moja," akasema. "Batoto ba ndani ya tumbo sikubaweka." Hakuombwa tena.

Alipenda sifuri. Siku za mvua ya kutwa, tai wote wamelala kwenye miti huko nyuma, alitukalisha mpaka jioni chini ya vipande vya plastiki, tunatetemeka, kisha akaandika sifuri kubwa, mviringo safi. Mwape akamuuliza kwa nini tusingebaki nyumbani na kuandika sifuri ile ile. "Sifuri ya nyumbani ni bongo, ni uongo," akasema. "Sifuri ya hapa ni kazi."

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Tai wanapopanda wanazunguka, kumi, ishirini, hamsini, wanachanganyika kama majani ya chai kwenye kikombe. Muhesabuji mupya anaanza kuwahesabu hapo hapo, anapotea. Kalani alinishika mukono niliponyoosha kidole. "Acha. Mwenye kuzunguka hajakwenda bado. Ngoja atoke juu, ashike njia, apite ule mupundu. Akipita mupundu, amepita." Mupundu ulikuwa muti mukubwa upande wa kaskazini, peke yake. Nilihesabu juu ya mupundu ule misimu miwili. Hata sasa nikifumba macho ninauona, na kitu cheusi kinapita juu yake, na kingine.

Mimi ni mutu wa haya. Darasani nikiulizwa, ulimi unashika paa la kinywa. Kwa Kalani haikuwa hivyo, si kwa sababu niliongea, bali kwa sababu hakungoja niongee. Siku nzima maneno yetu yalikuwa kumi, na matano ni salamu. Nilijisikia mukubwa juu ya kichuguu kile. Sijawahi kumuambia mutu jambo hili.

Sasa mambo yake yasiyopatana.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na maji kuliko nyumba zote, na yeye hakugusa maji ya ziwa. Alioga ya kisima. Hakupanda mutumbwi, hata wakati dada yake alipofiwa kisiwani. Alitembea mpaka gati, akamupa mwenye mutumbwi salamu za msiba azipeleke, akarudi.

Na hakula samaki. Hapa! Hapa watoto wanamenya dagaa kabla ya kumenya muhogo. Watu walisema ni mwiko wa dawa. Wengine walisema tumbo. Alikula maharagwe, majani ya muhogo, karanga, na samaki akipikwa karibu naye alihamia upande upepo unakotoka.

Kila Jumamosi Mama alinifungia mihogo miwili ya kuchoma kwenye jani la mugomba. "Huu wako. Huu wa mutu wa kichuguu." Ndivyo alivyomwita. Mama ni mufanyabiashara wa samaki, anajua kila mutu kutoka hapa mpaka Mununga, anataniana na Wazairwa wa ng'ambo kwa Kiswahili na Wabemba kwa Kibemba, na hampiti mukubwa bila kupinda goti na kupiga makofi kidogo. Lakini Kalani, Mama alimupita tu. Akimuona njiani, alitazama kapo lake, akapita. Na Kalani naye alisimama pembeni, kofia mukononi, mpaka apite. Kisha Jumamosi, mihogo miwili. Nilifikiri labda zamani walitaka kuoana. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mambo yote niliyaelewa kwa njia hiyo.

Na moto. Kila jioni jua likigusa maji, Kalani alishuka na fungu la matete makavu, akawasha moto mudogo mahali mitumbwi inapotia nanga, akakaa kando yake mpaka uishe wenyewe. Hakupika kitu, hakuota joto. Watoto walisema anaita vibanda, mizimu ya ziwa, wakakimbia. Mumoja tu, mudogo sana, hakukimbia. Nilikuwa ninachota maji nikasikia anavyomuita babu kwa Kibemba.

"Bashikulu, hii moto ni ya kuona nini?"

"Haiko ya kuona," akasema Kalani. "Iko ya kuonekana."

Mutoto akafikiri. "Nani ataiona?"

"Mwenye kuchelewa."

Nilipanda na ndoo yangu upesi. Kwa kweli nami niliogopa.

Siku ya tai ilikuwa Jumamosi, msimu wangu wa pili. Mwape alikuwa na homa, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, Kalani na mimi. Ulivuma upepo wa mashariki, unaotoka bara na kusukuma kila kitu ziwani, moshi, nzi, kofia. Karibu saa ine ya asubuhi likapanda kundi zuri, wakazunguka, wakashika njia. Arobaini na mumoja. Kati yao tai mumoja alikosa manyoya mawili kwenye mubawa wa kuume, na mwanga ukapita pale, kama pengo la mutoto anayebadili meno. Akapita mupundu. Nikahamisha mawe manne, nikashika mumoja kichwani.

Nitasema ukweli, kaye hii ni yangu. Tangu asubuhi nilibanwa na haja ndogo, na niliona haya kushuka kichuguu mbele ya muzee. Mchana nikashindwa. Nikateremka mbali, mpaka kwenye matete ya ziwa ambako hakuna awezaye kuniona, nikachutama. Nikiwa vile vile nikasikia sauti kama mutu anakung'uta mukeka. Nikainua macho.

Tai walikuwa wanatoka ziwani.

Walikuja chini, chini sana, wanapiga mabawa kwa nguvu, midomo wazi. Upepo ulikuwa umewasukuma juu ya maji mbele huko, hewa ikawaangusha, na sasa walikuwa wanarudi nchi kavu kuokoa maisha yao, nyuma ya matete, upande wa kusini yetu, mahali ambapo sisi hatukutazama hata siku moja kwa sababu sisi tulitazama juu. Wakapita juu ya kichwa changu. Niliona pengo. Mubawa wa kuume, manyoya mawili.

Nilirudi mbio. Haukupita muda kundi likapanda nyuma yetu, kusini, linazunguka taratibu kama wageni wapya. Likashika njia. Kalani juu ya kichuguu chake, mugongo wima, darubini machoni. Tai wa pengo akapita mupundu. Nikaona mukono wa Kalani unaingia mufuko wa kushoto, unatoka, unaingia mufuko wa kulia. Jiwe.

Na mukono wangu? Wangu nao ulihamisha mawe. Sijui kwa nini. Ulikuwa umezoea.

Jioni nilisema mia na sitini na tatu. Yeye akasema mia na sitini. Masikio yake yakasogea nyuma.

"Unaona, weye wa kunyamaza? Namba mbili zikikaribiana hivi, njo ukweli."

Akaandika mia na sitini. Nilifungua kinywa. Alikuwa na furaha, sikuwahi kumuona hivyo, alipuliza unga wa penseli kwenye karatasi kama mutu anapuliza uji wa mutoto. Nikafunga kinywa. Fomu ikaenda posta Jumatatu. Tangu hapo, siku za upepo wa mashariki, sikuweza kutazama mupundu bila kujiuliza ni nani amepita na ni nani amerudi. Misimu yote ya Kalani, siku zote za upepo ule, kaye juu ya kaye. Sheria yake ya namba ndogo haikusaidia kitu, maana sote wawili tulidanganywa pamoja.

Sikumuambia mutu habari hii, hata Mama; kwake nilitaja maneno ya Kalani tu. Ilikuwa baada ya msimu kuisha, anapika bukari, ugali wa muhogo, mimi ninapepeta unga, na nikasema tu, kama mutu anaimba bila kujua: "Namba kubwa inazimisha moto."

Mwiko ukasimama.

"Nani alikuambia ile?"

"Ba Kalani anaisemaka."

Mama akatoa chungu motoni. Akakaa chini, jambo ambalo hafanyi bukari ikiwa haijaiva.

"Weye ulikuwa ku mugongo yangu," akasema. "Ng'ambo kulikuwa vita. Tulitoka mitumbwi munane ku kisiwa, mangaribi. Upepo ikakuya. Ku huku balikuwa bamewasha mioto, tatu, ine, tulikuwa tunaifuata. Yeye njo alikuwa mutu wa serikali, iko na kaye, nahesabu mitumbwi. Ilimufikia habari ikisema inatoka munane. Mutumbwi yetu ikakaribia, akaiona, akaandika. Kiisha mawimbi ikatusukuma, ikatupeleka nyuma ya matete. Tukazunguka, tukatokea fasi ingine. Akatuona tena. Akaandika tena."

Nilishika ungo. Nilijua kabla hajasema.

"Akapata munane. Akasema, bote bamefika, muzimishe mioto, mvua inakuya, muende mulale. Bakazimisha."

"Na ule wa munane?"

"Yaya, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa ndani. Na batoto bake."

Moto wetu wa jikoni ulilia. Mama aliutazama.

"Balipata mutumbwi kesho yake. Batu, bengine balibapata, bengine ni samaki njo balibapata. Toka ile siku hakuli samaki. Mie ninauzisha samaki. Kila mutu na kichwa yake."

"Mama, ni kwa sababu hiyo hamumusalimie?"

Nilifikiri atakasirika. Akashika mwiko tena.

"Niliona banazimisha moto," akasema. "Nilikuwa pale, na maji mu nguo. Yaya sikumuona. Nilisema mu roho, labda iko kule mbele. Nilikuwa nasikia baridi. Nikanyamaza. Nitamusalimia namna gani? Tukisalimiana, tutaongea."

Na akarudisha chungu motoni, tukala.

Mwaka huu msimu ulipoanza Mwape alikuwa amehamia shule ya Mansa. Nilikwenda kwenye vichuguu Jumamosi ya kwanza, Kalani hakuja. Nilikaa peke yangu mpaka mchana. Lakini mutu mumoja si namba, yeye mwenyewe alisema. Nikashuka kwake.

Alikuwa amekaa mulangoni kwenye kigoda, kaptura imepigwa pasi, macho yote mawili yana ukungu mweupe kama maziwa. Alinijua kwa mwendo.

"Weye wa kunyamaza. Upepo ni wa wapi leo?"

"Wa mashariki, baba."

"Nilisikia. Wanapita?"

"Wanapita."

Nilimupa muhogo wake. Akaushika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani kama shairi la mutihani, yote yakapotea, yakabaki haya tu.

"Ba Kalani, mwaka uliopita nilimuona tai mumoja mara mbili."

Akaweka muhogo pajani.

"Tai gani?"

"Wa pengo. Mubawa wa kuume, manyoya mawili."

"Saa ngapi?"

"Saa ine. Na tena kiisha mchana. Alipita mupundu mara zote mbili, na wenzake wote. Upepo unawatupa ziwani, wanarudi chini chini, wanapanda upya kusini yetu. Sisi hatuwaoni wakirudi."

"Wanapita wapi wakirudi?"

"Nyuma ya matete."

"Nyuma ya matete," akasema.

"Wanatokea fasi ingine."

Mukono wake ukaenda kifuani kutafuta penseli. Kamba ilikuwapo, penseli ilikuwapo, lakini vidole vilipita kando mara tatu. Sikumusaidia. Niliogopa kumusaidia. Alipoipata aliishika tu.

"Ulikaa na hii mwaka muzima."

"Ndiyo, baba."

"Iko muzito?"

"Ni muzito."

"Eh," akasema. "Njo uzito yake."

Nilingoja anifukuze. Akaniambia niingie, nilete karatasi ya barua mezani. Akasema maneno, nikaandika, kwa wale watu wa mbali wa fomu: kwamba siku zote za upepo wa mashariki, tangu mwanzo, namba za Kabuta ni kubwa mno, kwamba watoe, kwamba hatujui watoe ngapi. Nilimushika kifundo cha mukono akatia sahihi. Sahihi yake ilikuwa ya serikali bado, na mukia murefu.

"Mama yako muzima?"

"Muzima, baba."

"Mihogo yake nilikula yote. Umuambie." Akageuza uso upande wa maji. "Nilijua weye ni nani, toka kule shuleni. Weye njo ulilia. Ile siku nilisikia mutoto nalia mu mutumbwi. Kiisha, mu mutumbwi ingine, nikasikia mutoto nalia. Nikawaza, batoto ni mingi leo, asante Mungu." Akapangusa goti la kaptura. "Alikuwa mutoto moja."

Nilikunja barua ile mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Bado kazi moja," akasema. "Chini ya kitanda, kisanduku."

Ndani ya kisanduku kulikuwa na kaye moja tu, ya zamani, ya jalada gumu, imefungwa kwa uzi wa nyavu. Aliifungua mwenyewe. Kwa vidole aliujua ukurasa, maana kaye ilifunguka mahali pamoja tu. Mwandiko wake, muzuri kuliko wangu. Safu ya vijistari vya mitumbwi, na chini yake, imepigiwa mustari mara mbili, nane.

"Wakati macho ilikuwa ngali mazuri, nilijaribu," akasema. "Kila mwaka nilijaribu. Mukono inakataa. Ukiandika weye, itakuwa imeandikwa na mutu alikuwa ndani."

Akafungua kamba kwenye kifungo. Misimu miwili sikuwahi kuona penseli ile ikitoka shatini mwake. Akanipa.

Nilikata nane. Nikaandika saba, ndogo, safi, kama alivyotufundisha.

"Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Jua iko wapi?"

"Linagusa maji."

Akanyoosha mukono kwenye giza la nyuma ya mulango, akanipa fungu la matete na kiberiti. Nikashuka mahali mitumbwi inapotia nanga, nikawasha moto, nikakaa kando yake, kwa kuwa sasa namba ilikuwa saba, na mutumbwi mumoja ulikuwa bado majini.